Mvua ya Pepa na matope ya ziwa

Mvua ikichelewa Pepa, juu ya milima ya Marungu, si ajabu kusikia mzee fulani ananyoshewa kidole kwamba ameifunga. Ziwa Tanganyika, chini ya milima hiyo, lina ushahidi mwingine.

Majani yana nta, ile inayofanya maji yateleze juu yake. Jani likioza, nta huchukuliwa na mito na upepo hadi kwenye matope ya ziwa, na hidrojeni iliyo ndani yake huonyesha kama mvua ya wakati ule ilikuwa nyingi au haba. Mwaka 2008 Jessica Tierney, James Russell na wenzao walichapisha historia ya miaka 60,000 iliyosomwa hivyo. Walikuta kwamba kaskazini ya dunia ilipopatwa na baridi kali, mara nyingi huku kwetu kulikauka. Greenland ni mbali sana na shamba la mahindi, lakini ndivyo matope yanavyosema.

Wachungaji ndio huitwa kesi hizi zinapowaka. Waulize kwanza: mvua imekosa Pepa tu, au mpaka Moba na Kalemie? Kama imekosa kote, mzee mmoja ameifungaje?