Kabla ya Kuvuka Namanga



Wengi wetu tuna binti, dada au shangazi ng'ambo ya mpaka. Kwa mama wa Kakesio, kule Ngorongoro, hilo si jambo geni, kwani Wamaasai ni ndugu, wa Tanzania na wa Kenya. Mama mmoja mwenzetu aliposikia kwamba bintiye aliyeolewa Kajiado amejifungua, alifunga mzigo, akambeba kitindamimba wake mgongoni, akashika njia: Endulen, Karatu, Arusha, hadi Namanga. Hapo akarudishwa. Yeye alikuwa na pasipoti. Mtoto hakuwa na karatasi yoyote. Nauli ikapotea, na mjukuu akamwona baada ya miezi mingi.

Tusimcheke. Wengi wetu hudhani mtoto wa mgongoni husafiri kwa hati ya mama yake. Sivyo. Kila mtoto, hata anyonyaye, anatakiwa kuwa na hati yake mwenyewe.

Kwa hiyo tuanze nyumbani, kabla hata ya kufikiria safari. Mtoto apatiwe cheti cha kuzaliwa. Aliyejifungulia nyumbani aulize kwenye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata. Mama naye awe na namba ya kitambulisho cha taifa. Ukiwa na hivyo, nenda Uhamiaji uombe pasipoti, au hati ya dharura ya safari kama haja ni ya haraka. Viza hatuhitaji, kwa kuwa sisi ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kutohitaji viza si kutohitaji hati.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Unaporudi kutoka Kenya unaweza kuulizwa cheti chake. Hakitolewi katika kila zahanati, na huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Basi usingoje juma la safari. Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha, kitunze. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye mtoto chini ya miezi 9, amwone daktari kwanza.

Pale Namanga, tangu 2018, maofisa wa nchi zote mbili wanahudumu katika jengo moja. Hakikisha umegongewa muhuri, na usome siku ulizopewa. Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, si kwa vijana wa barabarani. Vitu vyako tia kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nasi tukafuata mwaka 2019.

Atakayekunong'oneza habari za njia za panya, mkatalie, kama alivyokataa mwenzetu. Ukikamatwa huko, mtoto atalala mahabusu pamoja nawe. Hata usipokamatwa, utakaa ugenini kwa hofu, ukiogopa hata kumpeleka mgonjwa hospitali.

Jioni ya leo, kaa na baba watoto mhesabu: ni watoto wangapi hapa nyumbani hawana cheti? Anzeni na hao. Habari njema ya mjukuu haisubiri, lakini itakukuta tayari.