Deni la Mwenye Mbwa

Katika nchi ya Waha, juu ya vilima vya Kibondo na Kasulu, mbwa hanunuliwi mara nyingi. Jike la jirani huzaa, na watoto wake wakiisha kuacha kunyonya, mwenye jike huwagawia watu wanaowataka. Basi mtu hurudi nyumbani kwake Mtendeli na kitoto cha mbwa kwapani, amejaa furaha, kwa sababu amepata mlinzi wala hakutoa hata shilingi moja. Jambo hili ndilo linalowadanganya watu wengi. Hudhani kwamba kitu kilichopatikana bila kulipa ni kitu kisicho na gharama. Lakini mbwa si jembe, liwekwalo pembeni kazi ikiisha. Mbwa ana tumbo, ana damu, tena ana meno. Na kila kimoja katika hivi vitatu kina deni lake, ambalo hapana budi mtu alilipe.

Deni la kwanza ni la tumbo. Na ifanywe hesabu, kama ifanywavyo shuleni. Mbwa wa kadiri akipewa ugali wa unga robo kilo kwa siku, baada ya siku 365 atakuwa amekula unga wa kilo 91 na zaidi kidogo, yaani karibu gunia zima la kilo 100. Tena ugali mtupu haumtoshi. Yafaa apate dagaa kidogo, au mabaki ya nyama, na maji safi kila siku. Wako wasemao, "Mbwa hujitafutia mwenyewe." Ni kweli, hujitafutia, lakini hujitafutia wapi? Huingia jikoni kwa jirani, hula mayai ya kuku wa mjane, huzunguka jalalani, na huko hukutana na mbwa wengine wasiojulikana walikotoka. Basi chakula chake hakikuwa cha bure. Kimelipwa, ila kimelipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Kumlisha mbwa kwa mali ya jirani ni namna ya wizi, ingawa mwizi mwenyewe amelala nyumbani kwake.

Deni la pili ni la damu, maana mbwa huugua kama wanyama wengine. Hupata minyoo tumboni, na kupe na viroboto katika manyoya yake. Minyoo mingine ya mbwa huweza kuwaingia watoto wachezao mahali penye mavi yake. Dawa hununuliwa kwa fedha, wala si mara moja tu. Tena jike huchukua mimba miezi miwili tu, akaweza kuzaa mara mbili katika mwaka. Akizaa watoto watano kila mara, nyumba iliyoanza mwaka na mbwa mmoja itaumaliza na mbwa kumi na mmoja, na kila mmoja akikua atataka gunia lake. Nani atawalisha? Kwa kuwa hapana awezaye, wengi hutupwa njiani. Hao ndio mbwa wasio na mwenyewe, ambao watu hulalamika juu yao, wakisahau kwamba kila mmoja wao alizaliwa katika ua wa mtu.

Deni la tatu ni la meno, nalo ni kubwa kupita yote. Mbwa aliyeshikwa na kichaa cha mbwa huwa na sumu ya ugonjwa huo katika mate yake, na akimwuma mtu humwambukiza. Dalili za ugonjwa zikiisha kuonekana kwa mtu, haiko dawa ya kumponya, hufa. Hukisiwa kwamba katika dunia yote watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Lakini kinga ipo, nayo si mpya. Mwaka 1885, katika mji wa Paris, bingwa wa Ufaransa aitwaye Louis Pasteur alimtia dawa yake mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, na mtoto yule akaishi. Tangu siku zile mtu aliyeumwa ana njia ya kuokoka. Kwanza huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha huenda hospitali upesi, asingoje kuona kama ataugua.

Sasa na ifanywe hesabu ya pili. Sindano za mtu aliyeumwa si moja, bali ni kadhaa, nazo hutolewa kwa siku zilizowekwa. Mtoto wa mkulima wa Mtendeli akiumwa, baba yake hulipa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, si safari moja bali safari nyingi. Hulipa na dawa, pasipotolewa bure. Na siku zile zote shamba lake halina wa kulilima. Fedha isipokuwapo, mbuzi huuzwa, au mahindi ya akiba. Upande wa pili, mbwa hutaka nini? Huchanjwa apatapo umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Na hapa liko jambo la kuhuzunisha zaidi: asiyeziba ufa ni mwenye mbwa, bali ajengaye ukuta ni jirani yake.

Kwamba kinga hii hufaa, watu wa kisiwa cha Pemba wameona kwa macho yao. Kwa kuchanja mbwa, kichaa cha mbwa kilikwisha kisiwani humo mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 kikaingia tena, na mbwa wakachanjwa tena, hata kikaondoka mwaka 2018. Wataalamu hufundisha kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Maana yake ni kwamba mbwa wa mtu mmoja si shauri la mtu mmoja.

Huenda mtu akasema, "Maneno haya ni ya matajiri. Maskini ana shamba la mahindi, na nyani na nguruwe mwitu hawamhurumii. Je, anyimwe mbwa?" La, asinyimwe. Mbwa mwema ni mtumishi wa kweli. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja tu huweza kuharibu chakula kingi, na mlinzi awafukuzaye amestahili gunia lake. Gunia lile ni ujira, si sadaka. Lakini yule maskini, kwa kuwa ni maskini, yampasa kuhesabu kuliko tajiri. Mbwa mmoja aliyeshiba na kuchanjwa humlindia shamba lake vema kuliko mbwa wanne wenye njaa, ambao huacha zamu yao na kwenda kutafuta chakula. Na asiyeweza kumtunza hata mmoja, haimwondolei heshima kumwambia jirani, "Ahsante, lakini sitamchukua."

Wala haya si mambo ya hiari tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Tena serikali hutangaza mara kwa mara siku za kuchanja mbwa vijijini, na pengine hutolewa bila malipo. Siku hiyo gharama ni asubuhi moja tu na kipande cha kamba. Hata hivyo wengi hawaendi, wakisema kwamba mbwa wao hakubali kufungwa. Hapa mtoto wa shule aweza kufanya kazi kubwa: kumzoeza mbwa kamba tangu angali mdogo, kusikiliza siku iliyotangazwa, na kuwakumbusha wazee wake.

Basi kitoto cha mbwa kiletwapo nyumbani, swali la kwanza lisiwe, "Tumwite nani?" Liwe hili: "Nani atatoa unga wake, na nani atampeleka kuchanjwa?" Likipata jibu, na akaribishwe. Lisipopata jibu, heri abaki kwa mama yake mpaka apatikane mtu awezaye kulipa deni lake.