Bukta ya Patrick kaivaa wapi?

Kimya kingi, najua, testi zimetubana na bumu nalo ndio hivyo tena. Leo nina hoja inayonikera tangu tuanze kuandaa masomo ya kwenda kufundishia huko mashuleni.

Kuna mwenzetu wa Baiolojia kasema kumpeleka Patrick Star darasani ni utoto. Namsema yule wa pinki, rafiki wa SpongeBob, tumbo nje, bukta ya kijani yenye maua. Mimi nasema siyo utoto hata kidogo. Aliyembuni, Stephen Hillenburg (alifariki 2018), alikuwa mwalimu wa baiolojia ya bahari kule California. Kabla katuni haijaanza kuonyeshwa mwaka 1999, alishachora kitabu cha vibonzo cha kuwafundishia wanafunzi viumbe wanaoishi pale maji yanapokupwa na kujaa. Mnyama katoka kwa mwalimu, sasa aibu ya kumrudisha darasani iko wapi?

Tufanye hivi. Chukua kiti cha pweza wa kweli, yule anayeonekana ufukweni maji yakipwa, halafu mpe Patrick mwili wake. Mdomo unahama usoni, unakuja katikati upande wa chini, yaani maeneo ya bukta. Macho nayo yanahama: kila ncha ya mkono ina kidoa kinachohisi mwanga, kwa hiyo jamaa ana matano, mawili yako miguuni! Damu hana. Maji ya bahari ndiyo yanayopita kwenye mirija yake na kusukuma vijiguu vingi vidogo vinavyomtembeza. Akikuta chaza, anayavuta magamba mpaka yaachane kidogo, anatoa tumbo lake nje, analipenyeza humo na kumyeyusha chaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jamani, mwanafunzi gani atasahau hiyo?

Halafu ubongo. Katuni inamchora mjinga, na kweli ubongo hana, ana pete ya neva kuzunguka mdomo. Lakini anawinda, akipinduliwa anajigeuza, mkono ukikatika anaota mwingine. Tena utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha kwamba jeni zinazojenga kichwa kwa wanyama wengine ndizo zinazofanya kazi karibu mwili wake mzima, na zile za kiwiliwili karibu hazionekani. Maana yake Patrick ni kichwa kinachotembea. Bukta kaivaa kichwani!

Wengi wetu tulifundishwaje? Echinodermata, sifa ya kwanza mpaka ya tano, kariri, funga daftari. Desa halikuulizi chochote. Patrick anauliza: huyu anapumuaje, choo anatolea wapi, kwa nini mikono mitano? Na ukipangiwa shule ya bara isiyo na maabara, kiti cha pweza utamtoa wapi? Patrick unamchora ubaoni kwa chaki, darasa zima linabishana. Wanaohofia kwamba mtoto ataandika kwenye mtihani kuwa kiti cha pweza huvaa bukta, nadhani hawajakaa na watoto.

Haya, mnaobisha anzeni na hili. Wapo viti vya pweza wa jenasi ya Linckia ambao mkono mmoja ukikatika, mkono wenyewe unaweza kuota mwili mzima. Patrick akiwa wa ukoo huo, akakatika mkono, Patrick wa kweli ni yupi hapo?