Kuanza upya si kuzima na kuwasha kompyuta

Wasomaji, nimechoka na hawa wauza kozi wanaowaambia vijana wa Bungoma waache kazi leo, eti baada ya mwezi watakuwa waandishi wa programu. Uongo mtupu! Januari mtu anaanza lugha tatu za kompyuta kwa mpigo. Machi anauza kompyuta yenyewe.

Nendeni Kitale mkaulize mahindi. Utafiti wa mbegu ulianza pale 1955. Chotara ya kwanza, H611, ikatoka 1964. Miaka tisa, na hao walikuwa wataalamu! (H614 nayo hukaa shambani miezi sita na zaidi.)

Shika kibarua chako mchana. Jioni soma saa moja tu, lugha moja, utengeneze programu ndogo ya kuhesabu magunia ya mama. Ikigoma, irekebishe kesho.