Mbona Jua Halipatwi Kila Mwezi?

Mwanafunzi mmoja wa Kangemi ametuletea swali ambalo anasema limewashinda wote nyumbani kwao. Mwalimu aliwafunza kwamba jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia. Lakini mwezi hufanya hivyo kila baada ya siku 29 na ushei. Mbona basi hatupati giza la mchana mara 12 kwa mwaka? Tena anauliza: je, mama yake anafanya vyema kumfungia ndani siku ya tukio hilo?

Swali la kwanza ni zuri kweli. Waislamu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani wanaifahamu ile siku ambayo mwezi hauonekani kabisa, kabla haujaandama. Siku hiyo mwezi uko upande wa jua, na ndipo tu jua linapoweza kupatwa. Mwezi nao hupatwa ukiwa mpevu, dunia ikiwa katikati.

Ila njia ya mwezi imeinama kwa kiasi cha digrii 5. Abiria wa matatu za Kangemi watanielewa upesi. Pale Westlands, magari ya Expressway hupita juu nanyi mkapita chini, kwenye Waiyaki Way. Mnapishana bila kugusana hata kidogo. Ni mpaka karibu na James Gichuru ndipo barabara ya juu inaposhuka, zikawa sawa. Mwezi nao aghalabu hupita juu au chini ya jua, na kivuli chake kikaikosa dunia. Njia hizo mbili hukutana mahali pawili tu, na lazima mwezi ufike hapo wakati jua nalo liko hapo. Nafasi hiyo huja kwa vipindi viwili hivi kwa mwaka.

Sasa nenda Uhuru Park na sarafu ya shilingi kumi. Fumba jicho moja, isogeze sarafu karibu na jicho lililo wazi mpaka jumba la KICC lizibwe lote. Kisha isukume mbele polepole. Kingo za jumba zitaanza kuchungulia. Jua lina upana wa mara 400 hivi kuliko mwezi, lakini pia liko mbali mara 400 hivi, ndiyo sababu mwezi mdogo unaweza kuliziba. Ukiwa umesogea mbali na dunia, hautoshi, na jua hubaki kama pete.

Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Ijumaa, Januari 15, 2010. Ilipokaribia saa mbili unusu asubuhi, watu wakielekea makazini, pete ilidumu kwa takriban dakika saba. Mwezi ulikuwa mbali, na mwezi wa Januari ndio dunia hulikaribia jua zaidi, kwa hivyo jua lilionekana kubwa kidogo. Waliokuwa Voi na Taita Februari 16, 1980 waliona kubwa zaidi: mchana uligeuka giza, ilhali Nairobi jua lilimegwa tu. Kivuli cha mwezi kikigusa ardhi huwa chembamba, na aliye nje ya mkondo wake hupata kipande.

Kupatwa kwa mwezi hakuna ubaguzi huo. Septemba 7, 2025, Jumapili usiku, mwezi ulikuwa mzima ndani ya kivuli cha dunia kuanzia saa mbili unusu hadi karibu saa nne, na Kenya yote ilikuwa upande wa kuuona. Hugeuka mwekundu kwa sababu mwanga wa jua hupenya kingo za hewa yetu na kupinda, ukabaki ule wekundu wa magharibi tunaouona jua likitua nyuma ya milima ya Ngong. Huo utazame utakavyo, hata usiku kucha.

Jua ni jambo jingine, na hapa mama wa Kangemi ana sababu ya kuogopa. Miale ya siku hiyo haina sumu yoyote mpya. Hatari ni kwamba siku nyingine hakuna anayelikodolea jua macho, lakini siku hiyo kila mtoto anatamani. Retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea picha, haisikii maumivu. Mtoto huungua bila kujua, na baadaye doa hukaa katikati ya anachokitazama, pengine maisha yake yote. Miwani ya jua ya barabarani haifai. Filamu ya eksirei, sidii, kioo chenye masizi na beseni la maji pia havifai. Kioo cha fundi wa kuchomelea hufaa kikiwa namba 14, na vingi vya jua kali ni hafifu kuliko hapo.

Lakini kumfungia ndani ni kumnyima bure. Toboa katoni kwa sindano, mtoto alipe jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Ataona jua dogo lililomegwa. Ama mpeleke Arboretum: chini ya miti, kila upenyo wa majani hutupa hilali yake ardhini, mamia kwa mamia.

Jumatatu, Agosti 2, 2027 jua litapatwa kabisa kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita, na Nairobi tutapata kipande mchana. Katoni iwe tayari. Mawingu ya Agosti, hayo sina la kuwashauri.