Jogoo ya Rhode ni nzuri, lakini tusiigawe tena ovyo



Kila mwaka, mbele ya msimu A kuanza, tunapokea karatasi za maombi kutoka vikundi. Mbegu za maharagi, majembe, dawa ya kupulizia, na sasa karibu kila karatasi inamalizika na mstari mmoja: majogoo ya Rhode. Wengine wanaandika tu "jogoo nyekundu ya muzungu". Sisi maagronome tunaosaini hizo karatasi tuko na neno la kusema mbele ya kusaini tena. Na hilo neno linatugusa sisi wenyewe kuliko nyinyi.

Na kuku yenyewe hatuna ugomvi. Rhode Island Red ni kuku ya kazi mbili kweli: inataga mayai makubwa ya rangi ya kahawia, na ikichinjwa, sahani inajaa. Jogoo aliyelishwa vizuri anafika karibu kilo 4, mama yake karibu kilo 3. Kuku yetu ya kienyeji, munajua wenyewe, mama akipita kilo moja na nusu tunamsifu. Tena Rhode si kitu cha kampuni. Ilitengenezwa na wakulima kule Marekani, upande wa Rhode Island na Massachusetts, katika miaka ya 1800. Mabaharia walikuwa wanaleta majogoo makubwa kutoka Asia, wakulima wakayachanganya na kuku zao za nyumbani, na kila mwaka wakabakisha zile ngumu, zenye nyama na zenye kutaga hata wakati wa baridi. Mwaka 1904 ikaandikwa rasmi kuwa aina kamili. Mwaka 1925 waliijengea hata jiwe la ukumbusho, kuku! Tunasema hivi juu watu wengi wanafikiri kwamba aina nzuri inatoka katika maabara. Ile ilitoka katika viwanja kama vyenu, kwa kuchagua tu, na kwa kukataa kuuza ile iliyo nzuri zaidi.

Sasa tuseme kosa letu. Kulikuwa mwaka ambao tulileta majogoo, tukagawa moja kwa kila nyumba, tukapiga picha na kurudi mjini. Tuliporudi kuangalia, namna ilivyokuwa ilitupa haya. Majogoo mingi yalikuwa yamekufa na Newcastle katika kiangazi ya kwanza, juu hatukuwa tumechanja kuku za jirani, tulichanja zile zetu tu, mara moja. Mengine yaliuzwa kwa siku ya ndoa ao kwa minervali ya mtoto wa sekondari, na hatuwezi kulaumu mzazi kwa hilo. Yale yaliyobaki yalifanya kazi yao vizuri, na hapo ndipo shida kubwa ilianzia.

Vifaranga vya kwanza, vya baba Rhode na mama kienyeji, vilikuwa vizuri sana. Vilikomaa haraka, vilijua kutafuta chakula, kila mtu akafurahi. Basi watu wakafanya kitu ambacho mtu yeyote angefanya: wakauza mama kuku za zamani, "zile ndogo", wakabakisha zile za damu nusu, wakachagua jogoo kati ya hao hao ndugu. Kizazi cha pili kikatoka mchanganyiko: mmoja mkubwa, watatu wadogo, mmoja anataga lakini hataki kulalia, mwingine analalia siku kumi na kuacha mayai yapoe. Nguvu ya mchanganyiko inakuwa kubwa katika watoto wa kwanza; ukizalisha wale watoto wao kwa wao, inapungua, na damu inagawanyika kila mmoja na bahati yake. Hiyo tulifundishwa shuleni katika mwaka wa pili. Tulikuwa tunaijua. Hatukuwaambia kwa nguvu, juu ripoti ilikuwa inauliza tu hesabu ya majogoo yaliyogawiwa.

Mama mmoja wa kikundi alitusimamisha njiani na kutuuliza: "Ile kuku yangu ya zamani ilikuwa inanipa vifaranga mara tatu kwa mwaka bila mimi kununua kitu. Sasa muninunulie ile nyingine kama ile." Tulitafuta katika kijiji chake chote. Kuku mama wa kienyeji asiye na damu ya majogoo yetu hatukumpata ng'ambo hii ya mto.

Hapo ndipo tunaona hatari. Kuku ya kienyeji si "kuku bure". Anataga mayai 12 mpaka 15, anayalalia yeye mwenyewe siku 21, anapigana na kipanga, anafundisha watoto kuchakura. Kwa mwaka anataga tu mayai kama 40 ao 60, ni kweli, lakini kazi yote ya kuvezi anaifanya bila umeme, katika vijiji ambavyo umeme haujafika. Rhode, kinyume chake, mara nyingi halalii. Wale waliomchagua miaka na miaka walitaka mayai, na kuku anayelalia hatagi. Kama tunamaliza mama wa kienyeji ili kuweka Rhode, nani atalalia mayai ya Rhode?

Na tusisahau historia ya huku kwetu. Wakati wa vita vya 1996 na 1998, ng'ombe na mbuzi walienda. Nyumba nyingi zilianza upya na kuku ao simbilisi, mnyama ambaye unaweza kukimbia naye ndani ya kitunga. Kuku aliyevumilia hayo yote bila chanjo na bila chakula cha kununua ana kitu katika damu yake ambacho hatutakipata tena kwa kuagiza.

Basi tunapendekeza nini? Si kuacha Rhode. Tunapendekeza koperative iwe na kundi moja la Rhode safi, lisilochanganywa, katika nyumba mbili ao tatu tu, na wengine wote wabakishe mama kuku wao wa kienyeji.

Hesabu yenyewe inatulazimisha. Rhode mkubwa aliyefungwa anakula karibu gramu 120 kwa siku. Majike kumi na jogoo mmoja ni kilo moja na gramu mia tatu kwa siku, karibu kilo 40 kwa mwezi. Nyumba ambayo watoto wanakula mara moja kwa siku haiwezi kutoa kilo 40, na hatuna haki ya kuwaambia iweze. Koperative inaweza: pumba inayobaki kwenye mashine ya kusaga, soja iliyokaangwa, vichwa vya sambaza ao ndagala vilivyokauka, mchwa wakati wa mvua. Katika ile nyumba ya kundi safi, uzio ni lazima. Jogoo wa jirani akiingia mara moja tu, mayai ya wiki mbili tatu zinazofuata huwezi kujua baba yao. Watu wanacheka tukisema hivi, lakini ndivyo ilivyo: jike anabeba mbegu ya jogoo siku nyingi.

Mayai ya kundi safi yaende kwa mama wa kienyeji wanaolalia, katika nyumba za wanamemba. Ni makubwa, usimwekee 15. Kumi yanatosha, ili mwili wake uyafunike yote. Mayai ya kulaliza yasipite siku saba, yakae fasi ya baridi, ncha ikiangalia chini. Vifaranga vinavyotoka ni Rhode safi, na koperative inagawana na yule mwenye kuku aliyelalia, kwa mapatano yaliyoandikwa. Nusu kwa nusu inaonekana haki kwetu, lakini hilo muliamue nyinyi.

Na yule mwanamemba anayetaka kuku ya damu nusu kwa kuuza? Aazime jogoo, azalishe, auze wote sokoni, majike kwa majogoo, kwa nyama na mayai. Asibakishe jogoo wa damu nusu kuwa baba. Na asiguse wale mama zake bora wa kienyeji: wachache walalie mayai ya jogoo wa kienyeji, ili warudishe nafasi zao.

Hapa kuna tabia moja inatuumiza moyo. Pesa ikihitajika haraka, kuku gani anaenda sokoni? Yule mnene, juu ndiye mwenye bei. Anayebaki ni yule ambaye hakuna mtu alimtaka, na huyo ndiye anakuwa mama wa mwaka ujao. Tukifanya hivyo miaka kumi, tumechagua kwa bidii kabisa kuku ndogo, kisha tunasema kienyeji ni mbaya. Funga kamba ya rangi kwenye mguu wa majike wawili bora, na nyumba yote ijue kwamba hao hawauzwi, hata mgeni akija.

Neno juu ya zile kuku nyekundu zinazouzwa mjini kama za kutaga. Nyingi si Rhode. Ni mchanganyiko wa kampuni, baba wa damu ya Rhode na mama wa aina nyeupe, na zinataga kwelikweli, mayai mengi kuliko Rhode mwenyewe, kwa mtu mwenye chakula cha kiwanda. Lakini ukizalisha watoto wao, wengine wanatoka weupe, wengine wekundu, na utagaji unashuka. Kampuni inabakisha wazazi kwake, wewe unarudi kununua kila mara. Ukitaka kutambua, fungua manyoya ya mgongoni: Rhode safi ni mwekundu mzito mpaka ndani, karibu rangi ya damu iliyokauka, na mkia mweusi. Ile ya mjini ni hafifu, na chini ya manyoya mara nyingi utaona weupe.

Yote hayo ni bure bila chanjo. Newcastle haitofautishi Rhode na kienyeji. Chanjo ya I-2, ile inayovumilia joto kidogo, ni tone moja kwa jicho moja, na inarudiwa kila miezi mitatu ao mine. LaSota inataka baridi mpaka siku ya kutumia. Chupa moja inatosha kuku mia moja na zaidi, kwa hiyo mtu mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake na kumwaga iliyobaki. Hiyo ni kazi ya koperative kuliko hata kazi ya mbegu. Kijiji kizima siku moja, asubuhi mapema mbele kuku hawajatoka, kuku wazima tu, na moja ya siku hizo iwe mwezi wa tano, mbele ya kiangazi.

Tunajua kuna wanamemba watasema: nyinyi munatoa leo, kesho munakataza, sisi tutafuata nani? Wako na haki ya kukasirika. Tena kuna nyumba ambazo jogoo wetu aliwasaidia kweli, walinunua mbuzi, na hatutaki kufuta hilo. Lakini jogoo mmoja kwa kila nyumba hatutasaini tena. Kikundi kikileta ombi, tutauliza mambo matatu: nyumba gani zimekubali kulisha kundi safi na kulifungia, chanjo ya mwisho ilikuwa mwezi gani, na mama wa kienyeji wangapi wamebaki katika kijiji bila damu nyekundu. Hilo la tatu hatulijui kwa ajili yenu, ni lazima mupite nyumba kwa nyumba na daftari. Na katika daftari hilo mwandike pia kila jogoo alitoka wapi, ili kila mwaka abadilishwe na yule wa kundi lingine, asije akapanda watoto wake mwenyewe.

Vikundi viwili tayari vimeanza kuhesabu. Wengine, tuwasikie mbele ya mkutano wa mwezi wa nane, kabla mbegu za maharagi hazijapakiwa.