Mwache Mtoto Asuke Ukili

Kuna imani iliyokita mizizi Mombasa, Kibokoni na Majengo sawasawa, kwamba mtoto anayesuka ukili wa mikeka, anayechonga au anayeunda mfano wa jahazi darasani anapotezewa wakati. Kusoma ni kitabu na kalamu. Kazi ya mikono ni ya yule ambaye kitabu kimemshinda. "Nimempeleka skuli akasome, si akasuke mikeka," mzazi husema, na wenzake wakamwitikia. Imani hiyo ni potofu, na katika Mji wa Kale madhara yake ni makubwa kuliko kwingine kwingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya mji huu haikuandikwa na mtu. Imo katika mawe, mbao, kamba na uzi, na katika vichwa vya wazee waliovishughulikia.

Chukua jambo dogo, upana wa chumba. Ingia nyumba kongwe karibu na Ndia Kuu, utakuta vyumba virefu na vyembamba. Mtoto wa kitabu ataambiwa huo ndio mtindo wa Waswahili, ataukariri, atapata alama yake na kuusahau. Mpe mwenzake tepu ya kupimia, mwambie apime chumba, kisha akamuulize fundi kwa nini kikawa hivyo. Atarudi na jibu lenye maana: dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haihimili uzito wa mawe na chokaa ikivuka sana mita tatu. Mti ndio uliokata shauri. Akizidi kudadisi, boriti hiyo itamfikisha Lamu, ambako nyingi zilikatwa, na kutoka Lamu atafuatana na majahazi yaliyozipeleka Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea, yakaja huku na tende na mazulia kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Sasa mwambie aijenge nyumba hiyo kwa vijiti na udongo. Dari itaporomoka mara ya kwanza. Atapunguza upana wa chumba bila kuambiwa na mtu, na siku hiyo atakuwa amewaelewa waashi wa mji wake kuliko mwenzake aliyekariri kurasa kumi.

Tunalojivunia badala yake ni safari ya Ngomeni. Watoto hupangwa foleni, huambiwa kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwamba mchoraji wa ramani yake alikuwa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kisha hupigwa picha kwenye mizinga na kurudishwa kwenye basi. Mzazi naye huhesabu kwamba historia imekwisha kusomwa. Siidharau Ngome. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na inastahili. Lakini ilijengwa na wageni ili waishike Mombasa, na mtoto asiyejua kingine zaidi yake ameujua mji wake kwa jicho la aliyeutawala. Hata humo ndani tunamharakisha apite mbele ya vitu ambavyo angejifunza kwavyo. Kuna michoro ya meli iliyoachwa ukutani na Wareno wenyewe. Kuna vifaa vilivyotolewa chini ya bahari kutoka merikebu yao, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameuzingira mji. Mpe mtoto karatasi aiige meli ile ya ukutani, kisha ateremke naye mwalimu hadi bandari ya zamani, amtafute baharia mzee amwonyeshe tanga la jahazi, foromali na mkuku. Alinganishe. Huo ni utafiti, na mtoto wa miaka kumi anauweza.

Waliotutangulia walilijua hili. Ahmed Sheikh Nabhany, malenga wa Lamu aliyeishi Mombasa miaka mingi, alichapishiwa mwaka 1979 utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza uundaji wa chombo cha baharini na sehemu zake. Elimu ile ilikuwa mikononi mwa mafundi kabla ya kufika kwenye karatasi, na asingaliandika kitu lau angaliiona kazi yao kuwa ya watu wasiosoma. Na kwa wanaodharau mikeka, wautazame mtepe. Chombo hicho cha kale cha baharini kilishonwa kwa kamba ya kumbi bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Walioshona mikeka walikuwa wanashona safari. Mtepe ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ulipoundwa tena Unguja mwaka 2003 ilibidi mafundi watazame mifano midogo na picha za zamani, kwa kuwa mikono iliyoujua ilikuwa imezikwa. Mfano mdogo wa chombo, ule ule tunaouita mchezo wa watoto, ndio uliohifadhi elimu hiyo.

Serikali nayo iliilea imani hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta sanaa na ufundi katika shule za msingi, na masomo hayo yalitahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliondolewa kwenye mtihani, na skuli nyingi zikayaacha hapo hapo. Kisichotahiniwa hakifunzwi, ndiyo sheria tuliyojiwekea. Ulipokuja mtaala wa umilisi, CBC, kazi za mikono zilirudi, lakini zikapokewa na wazazi waliokwisha kufunzwa kuzidharau.

Malalamiko yao mengine ni ya haki, nami sitayafunika. Mtoto hurudi nyumbani saa kumi akiwa na agizo la manila, gundi na rangi zitakazohitajika kesho asubuhi, pesa hakuna, na jioni hiyo hiyo anatakiwa chuoni kwa masomo ya Qurani. Mama hukesha akikata maboksi, au baba humlipa seremala, na mwalimu husahihisha kazi ya seremala. Upuuzi huo ukome. Lakini dawa yake ni kuifanyia kazi hii darasani, mradi mmoja mzima kwa muhula badala ya vijikazi kila wiki, kwa vitu ambavyo pwani haiviuzi kwa bei kubwa: kumbi, makuti, miyaa, vipande vya mbao vilivyobaki kwa fundi wa milango. Na lazima mtoto kwanza aulize, aandike aliyoambiwa, ndipo aunde. Mtepe wa maboksi usiotanguliwa na swali hata moja haumfunzi mtoto kitu.

Kuna pia wanaosema kwamba ufundi haumlishi mtu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho wazazi hao hao wanaomba watoto wao waingie, asili yake ni taasisi ya ufundi ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango, miongoni mwa wengine, ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Waliotoa fedha zile hawakuuona ufundi kuwa aibu.

Mwalimu mkuu, Mombasa ina Kituo cha Utamaduni wa Waswahili chini ya Makavazi ya Taifa, na vijana wamefunzwa humo kuchonga na kudarizi. Kuna akina mama mitaani wanaoshona kofia za vito, na wazee wanaojua kutia chombo kalafati. Waalike skulini muhula ujao, uwalipe kama unavyomlipa mwalimu mwingine yeyote, na uwape watoto asubuhi nzima pamoja nao. Nawe mzazi, mwanao akija na swali kuhusu ukili, usimpeleke dukani. Mpeleke kwa bibi yake.